Je, Ardhi Imepona? Sampuli za Mimea katika Ardhi Iliyochimbwa

Kaskazini ya mji wa Mombasa, kando ya barabara iendayo Malindi, lipo bonde ambalo halikuchongwa na mto wala na mvua. Lilichongwa na binadamu. Kuanzia mwaka 1954 kiwanda cha saruji cha Bamburi kilichimba hapo mawe ya matumbawe ya kale, yaani mabaki ya viumbe vya baharini vilivyoishi zamani, wakati maji ya bahari yalipokuwa juu kuliko yalivyo leo. Mawe hayo ndiyo chanzo cha chokaa, na chokaa ndiyo msingi wa saruji. Kila jengo lililoinuka mjini liliacha nyuma yake shimo la ukubwa unaolingana nalo.

Kufikia mwaka 1971 shimo hilo lilikuwa jangwa jeupe. Udongo wa juu ulikwisha kuondolewa. Sakafu ilikuwa mwamba mtupu uliorudisha joto la jua kama bati, na chini kidogo ya sakafu hiyo yalikuwapo maji yenye chumvichumvi. Mwaka huo René Haller, mtaalamu wa kilimo mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa mtumishi wa kiwanda hicho, alianza kujaribu kuirudishia uhai. Alipanda aina 26 za miti. Zilizostahimili zilikuwa tatu tu: mnazi, mti utokao pande za Somalia uitwao kitaalamu Conocarpus lancifolius, na mvinje.

Mvinje ulifanya kazi kubwa kuliko yote. Katika mizizi ya mti huu huota vinundu, na ndani ya vinundu hivyo huishi bakteria wa jenasi ya Frankia, ambao huinasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mti. Kwa sababu hiyo mvinje huweza kukua mahali ambapo miti mingi hufa kwa njaa. Hata hivyo, tatizo jingine lilijitokeza. Vile vijiti vyembamba vya kijani vinavyofanana na sindano, ambavyo watu wengi hudhani ni majani, vilidondoka kwa wingi, lakini havikuoza, kwa kuwa vina tanini nyingi. Aliyelitatua tatizo hilo alikuwa jongoo. Ilionekana kwamba jongoo wenye miguu myekundu walivila vijiti hivyo bila taabu, na kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria wanaoozesha. Jongoo wengi wakaletwa. Haba na haba hujaza kibaba: tabaka la mboji likajengeka juu ya mwamba, na mimea mingine ikapata pa kutia mizizi. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park, na mwaka 1987 Haller alitunukiwa heshima ya Global 500 na Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia Mazingira.

Mgeni apitaye leo chini ya vivuli vya Bamburi hukosa subira, akasema mara moja: "Ardhi hii imepona." Huenda amesema kweli. Lakini mwanasayansi hana budi kumwuliza maswali machache. Je, kila mita ya mraba imefunikwa, au kijani kile kimejikusanya kando ya njia tu? Je, miti iliyopandwa inazaa miche, au inazeeka bila mrithi? Je, ni mimea ya aina ngapi, na ni ipi? Je, watunzaji wakiondoka, uoto huo utabaki? Maswali haya hayajibiwi kwa kutazama. Hujibiwa kwa kupima, na njia ya kupima uoto wa eneo kubwa ni kuchukua sampuli.

Kwa nini jicho halitoshi

Jicho ni chombo kizuri, lakini lina upendeleo. Huvutwa na ua jekundu na kulipita jani la rangi ya vumbi. Tena mtu anayetazama mteremko kutoka mbali huyaona majani kwa ubavu, yakiwa yamepishana na kuzibana nafasi, hivyo ardhi tupu iliyo katikati yake haionekani. Mtu huyohuyo akisimama juu ya mteremko na kutazama chini wima, ataona kwamba nusu ya ardhi haina kitu. Tone la mvua nalo huanguka wima. Kwa mmomonyoko wa udongo, mtazamo wa tone la mvua ndio wenye maana kuliko mtazamo wa mgeni aliye barabarani.

Jambo hili liligunduliwa na vijana wawili wa Nebraska, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Roscoe Pound na Frederic Clements walikuwa wakichunguza mimea ya nyika za jimbo hilo. Kama wanabotania wengi wa wakati wao, walikuwa wakikadiria wingi wa kila aina kwa macho. Kisha wakaamua kupima vipande vya mraba ardhini na kuhesabu mimea iliyokuwamo, mmoja mmoja. Hesabu hizo zikaonyesha kwamba makadirio ya macho hayakuwa ya kutegemewa. Mwaka 1898 walichapisha maelezo ya njia yao, na mraba huo, ambao wanabotania huuita kwadrati, umekuwa chombo cha kila siku cha elimu ya ikolojia tangu hapo. Clements aliendelea na mimea. Pound aligeukia sheria, na baadaye akawa mkuu wa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Harvard. Yafaa kukumbuka kwamba mmoja wa waanzilishi wa njia hii alikuwa mtu wa mahakama, kwa maana sampuli ya mimea ni ushahidi, na ushahidi una kanuni zake.

Suala la dhamana

Katika nchi nyingi ushahidi huo sasa una uzito wa kisheria. Tarehe 3 Agosti 1977 Marekani ilipitisha sheria ya kusimamia uchimbaji wa makaa ya mawe yaliyo karibu na uso wa ardhi. Chini ya sheria hiyo mchimbaji huweka dhamana ya fedha kabla ya kuanza kazi. Harudishiwi fedha zote mpaka athibitishe kwamba ardhi imefunikwa tena na mimea inayofaa. Wajibu wake huendelea kwa miaka 5 baada ya kupanda kwa mara ya mwisho. Katika sehemu kavu, ambako mvua ya mwaka haizidi inchi 26, yaani takribani milimita 660, muda huo ni miaka 10. Kanuni zilizotungwa chini ya sheria hiyo hutaka mfuniko wa mimea usipungue asilimia 90 ya kiwango kilichokubaliwa, na sampuli zipimwe kwa uhakika wa kitakwimu wa asilimia 90.

Afrika Mashariki nayo imeingia katika njia hiyo. Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 humtaka mchimbaji awe na mipango ya kuirekebisha ardhi na kuufunga mgodi, na imeweka utaratibu wa dhamana ya kuhifadhi mazingira. Suala hili si la vitabuni tu. Huko Kwale, kusini ya Mombasa, uchimbaji wa mchanga wenye madini ya titani ulikoma Desemba 2024. Mashamba, malisho na vijito vilivyo karibu na ardhi iliyochimbwa vitaonyesha kwa miaka mingi kama ardhi hiyo ilirudishwa vizuri au vibaya.

Basi pande zote zina haja na kipimo cha haki. Kipimo kikidanganya kwa upande mmoja, mchimbaji hulipwa kwa kazi ambayo haikufanyika, na wenyeji huachiwa makorongo. Kikidanganya kwa upande wa pili, aliyefanya kazi kwa uaminifu huadhibiwa bure.

Kuchagua mahali bila upendeleo

Hekta moja ina mita za mraba 10,000. Eneo la machimbo laweza kuwa na hekta mia kadhaa. Hakuna awezaye kuhesabu kila jani, wala hakuna haja. Mpishi hamalizi chungu ili ajue kama mchuzi umekolea chumvi. Huonja kijiko kimoja. Lakini kabla ya kuonja hukoroga, na hapo ndipo ilipo tofauti: ardhi haikorogeki. Nyasi ziko bondeni, vichaka viko juu, na mwamba uko mahali pengine. Kwa kuwa chungu hakiwezi kukorogwa, kijiko ndicho kinachopaswa kutembezwa, na kutembezwa kwake lazima kuwe kwa nasibu.

Katika shule nyingi wanafunzi hufundishwa kuurusha mraba nyuma ya bega bila kutazama. Njia hii huonekana kuwa ya haki, lakini sivyo. Arushaye huwa amekwisha kuchagua mahali pa kusimama. Tena hatarushia kwenye miiba ambako atalazimika kuingia, na mraba wake hauendi mbali zaidi ya nguvu ya mkono wake. Njia iliyo bora ni hii: hutandazwa kamba mbili pembeni mwa eneo, zikiwa zimekutana kwa pembe mraba, mfano wa mihimili miwili ya grafu. Kisha namba huchaguliwa kwa jozi kutoka katika jedwali la namba nasibu, au kwa kuokota vikaratasi kutoka kapuni. Jozi ya 17 na 42 humaanisha mita 17 kwa kamba ya kwanza na mita 42 kwa kamba ya pili, na mraba huwekwa hapo hata kama pana mwiba, kinyesi cha ng'ombe au mwamba mtupu. Mpimaji anayesogeza mraba hatua mbili kwa sababu "hapa hapana kitu" amekwisha kuiharibu sampuli yake. Pasipo na kitu ndipo panapopaswa kuandikwa sifuri.

Ardhi iliyorudishiwa mimea ina mtego mwingine. Miti yake mara nyingi hupandwa kwa mistari. Ikiwa miti imepandwa kila baada ya mita 2, na mpimaji naye anaweka miraba yake kila baada ya mita 2 au 4, huenda miraba yote ikaangukia mistarini, au yote ikaangukia katikati ya mistari. Katika hali ya kwanza ataona msitu, na katika hali ya pili ataona uwanja. Nasibu humwokoa na makosa yote mawili.

Mahali ambapo eneo lina sehemu zinazotofautiana waziwazi, kama sakafu ya machimbo, kuta zake zilizoinama na ukingo wa bwawa, kila sehemu hugawiwa sampuli zake na kuhesabiwa peke yake. Mtu akizichanganya, atapata wastani usioeleza sehemu hata moja.

Vipimo vitatu

Katika kila mraba mambo matatu huweza kupimwa. Jambo la kwanza ni wingi, yaani idadi ya mimea ya kila aina katika eneo lililopimwa. Mmea ulio juu ya mpaka huleta ubishi, na kwa hiyo huwekwa kanuni kabla ya kuanza: iliyogusa upande wa kushoto na wa chini ihesabiwe, iliyogusa upande wa kulia na wa juu iachwe. Kwa miti mikubwa hutumika mraba wa mita 10 kwa mita 10, na kwa majani na nyasi hutosha mraba wa mita 1 au hata nusu mita.

Jambo la pili ni mfuniko, yaani asilimia ya ardhi iliyofunikwa na majani kama yanavyoonekana kutoka juu. Hiki ndicho kipimo cha maana zaidi kwa mmomonyoko. Nyasi hazihesabiki kwa urahisi, kwani shina moja lina vikonyo vingi, ila mfuniko wake hupimika. Njia iliyo rahisi na isiyotegemea makisio ni ya ncha. Mpimaji huvuta kamba ya mita 50, na kila baada ya nusu mita hushusha chuma chembamba wima, mfano wa njiti ya baiskeli iliyonolewa. Huandika ncha imegusa nini kwanza: jani, majani makavu, jiwe au udongo mtupu. Baada ya mara 100 hana hesabu ya kufanya: ikiwa ncha iligusa jani mara 62, mfuniko ni asilimia 62.

Jambo la tatu ni utokeaji, yaani kati ya miraba yote, ni mingapi yenye aina fulani ya mmea. Aina inayoonekana katika miraba 45 kati ya 50 imeenea, hata kama kila mraba una shina moja tu. Aina yenye mashina 200 katika mraba mmoja, na isiyoonekana kwingine, imejikusanya. Wingi peke yake ungezifanya aina hizo mbili zionekane vingine kabisa.

Wastani mmoja, miteremko miwili

Swali linaloulizwa daima ni hili: miraba mingapi inatosha? Jibu halitegemei sana ukubwa wa eneo kama wengi wanavyodhani. Hutegemea zaidi jinsi vipimo vinavyotofautiana. Mfano ufuatao, ambao umetungwa kwa ajili ya hesabu tu, utalidhihirisha jambo hili.

Ichukuliwe kwamba kuna miteremko miwili, A na B, na kwamba kila mmoja umepimwa kwa miraba 10. Mfuniko wa asilimia ulioonekana ni huu:

Mteremko A: 48, 52, 50, 46, 54, 50, 49, 51, 53, 47.
Mteremko B: 90, 10, 85, 15, 95, 5, 80, 20, 75, 25.

Jumla ya kila mteremko ni 500, na wastani wake ni 50. Ichukuliwe tena kwamba ardhi ya kulinganishia, ambayo haikuchimbwa, ina mfuniko wa asilimia 50, na sheria inataka isipungue asilimia 90 ya kiwango hicho, yaani 45. Anayetazama wastani peke yake atasema kwamba miteremko yote miwili imefaulu.

Sasa utafutwe mchepuko sanifu, ambao ni kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka katika wastani. Kila namba hutolewa wastani, tofauti hupigwa kipeo cha pili, na vipeo hujumlishwa. Jumla hiyo hugawanywa kwa idadi ya miraba iliyopunguzwa moja, kisha hutafutwa kipeo cha pili kinyume, yaani kipeuo. Kwa A jumla ya vipeo ni 60. Ikigawanywa kwa 9 hupatikana 6.67, na kipeuo chake ni 2.6. Kwa B jumla ni 12,750. Ikigawanywa kwa 9 hupatikana 1,416.7, na kipeuo chake ni 37.6.

Kosa la wastani hupatikana kwa kugawanya mchepuko huo kwa kipeuo cha idadi ya miraba, ambacho kwa 10 ni 3.16. Kwa A kosa ni 0.8, na kwa B ni 11.9. Majedwali ya takwimu huonyesha kwamba kwa miraba 10, mtu anayetaka uhakika wa asilimia 90 kuwa wastani wa kweli haushuki chini ya mpaka fulani, huzidisha kosa hilo kwa 1.38 na kulitoa katika wastani. Kwa A mpaka huo ni karibu 49, ambao uko juu ya 45. Mteremko umefaulu. Kwa B mpaka ni kati ya 33 na 34. Hakuna awezaye kuapa kwamba mteremko B umefikia kiwango.

Mpimaji wa B afanye nini? Huweza kuongeza miraba. Ili alipunguze pengo la uhakika hadi pointi 5 tu, atahitaji takribani miraba 95, ikiwa mtawanyiko utabaki uleule. Kanuni yake ni kali: ili kosa lipungue kwa nusu, miraba lazima iongezeke mara nne. Lakini kabla ya kuongeza miraba, mpimaji mwenye busara huzitazama namba zake tena. Mteremko B si ardhi yenye mfuniko wa asilimia 50. Ni ardhi yenye vipande vilivyojaa majani na vipande vilivyo karibu kuwa vitupu. Mvua ya masika itakapokuja, maji yatapita katika vile vitupu, na makorongo yataanza hapo. Mtawanyiko wa namba ulikuwa habari yenyewe, na aliyeandika wastani peke yake aliificha.

Idadi ya aina za mimea nayo ina njia yake ya kujua wakati wa kuacha. Kila mraba unapopimwa, mpimaji huchora katika grafu idadi ya aina zilizoonekana mpaka hapo. Mwanzoni mstari hupanda kwa haraka, kisha hulala polepole. Unapokaribia kulala kabisa, miraba inayoongezwa haileti wageni wengi, na kazi yaweza kukoma.

Kulinganisha na nini?

Namba haina maana mpaka ilinganishwe na nyingine. Ndiyo sababu hutafutwa ardhi ya kulinganishia, yaani eneo la karibu lenye mwamba, mvua na mwinuko unaofanana, ambalo halikuchimbwa. Hupimwa kwa njia ileile, na ikiwezekana katika majuma yaleyale. Nyasi za pwani baada ya masika si nyasi za Februari.

Katika pwani ya Kenya mwamba wa matumbawe haukuwa mtupu siku zote. Huota juu yake msitu wake wenyewe, mfupi, mgumu, wenye mizizi iliyojipenyeza katika nyufa. Kaya Kinondo, iliyoko pwani ya kusini, ni mfano mmojawapo. Ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mtu haingii humo bila ruhusa ya wazee, hujifunga kaniki, na hang'oi chochote. Mpimaji anayekwenda mahali kama hapo hana budi kuifuata miiko hiyo, na sayansi haipotezi kitu: kamba, jicho na daftari hutosha kwa vipimo vyote vilivyoelezwa hapo juu. Tena ni miiko hiyohiyo iliyouhifadhi msitu ukaweza kuwa kipimo cha mingine.

Ulinganisho huo huleta jibu lisilopendeza sikuzote. Mvinje, pamoja na wema wake wote, asili yake ni pwani za Asia ya Kusini-Mashariki na Australia. Msitu wa mvinje mtupu waweza kufikia asilimia kubwa ya mfuniko na bado usiwe msitu wa pwani hii. Kwa hiyo kipimo cha mfuniko kinapaswa kuambatana na orodha ya aina, na orodha hiyo itenge iliyopandwa, iliyojileta, ya kienyeji na ya kigeni. Katika machimbo yaliyoanzishiwa mvinje, jambo la kutafuta ni miche ya miti ya kienyeji iliyo chini ya kivuli chake. Ikiwa miche hiyo inaongezeka mwaka hadi mwaka, mvinje umekuwa mlezi. Ikiwa haipo, mvinje umekuwa mpangaji asiyetaka kuhama.

Majina ya mimea yana faida nyingine. Huko Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, viko vilima ambavyo miti haioti kwa sababu udongo wake una shaba nyingi, na mimea michache iliyozoea sumu hiyo ndiyo inayovifunika. Watafuta madini waliitumia mimea ya namna hiyo kuwa dalili ya shaba. Mtu asiyejua majina angeona kijani na kuridhika. Anayejua majina angesoma kijani kilekile kuwa onyo: hapa pana madini, na mbuzi wasilishwe kabla udongo haujapimwa.

Muda ni sehemu ya kipimo

Sampuli moja ni picha moja. Mimea ya mwaka mmoja huchipuka kwa wingi baada ya kupandwa na kutiwa mbolea, ikaipamba ardhi kwa misimu miwili, kisha ikatoweka mbolea inapokwisha. Ndiyo maana ya miaka 5 au 10 katika sheria iliyotajwa. Vigingi vya chuma huachwa katika pembe za baadhi ya miraba ili miraba hiyohiyo ipimwe tena, mwezi uleule, kila mwaka. Katika miraba hiyo ya kudumu huandikwa mti upi umekufa, upi umezaa, na mche upi umetokea bila kupandwa. Mche wa mwisho huu ndio shahidi bora, maana umekuja wenyewe.

Zoezi la darasa

Si lazima shule iwe karibu na mgodi mkubwa. Kando ya barabara nyingi yamebaki mashimo ya changarawe, na vijiji vingi vina mashimo ya udongo wa matofali. Mwalimu achague shimo lililoachwa kwa miaka kadhaa, lisilo na kuta za kuporomoka, na wanafunzi wasiingie katika maji yaliyotuama, kwa hofu ya kichocho na ya kina kisichojulikana. Vifaa ni kamba ya katani iliyofungwa fundo kila baada ya nusu mita, vigingi vinne, njiti ya baiskeli, vikaratasi vya namba na daftari.

Darasa ligawanywe makundi mawili. Kundi la kwanza lipime mfuniko ndani ya shimo kwa mistari mitano ya ncha 100, na kundi la pili lipime vivyo hivyo katika ardhi ya jirani isiyochimbwa. Kabla ya kuanza, kila mwanafunzi aandike katika kikaratasi makisio yake ya mfuniko wa shimo kwa macho tu, akikunje na kumkabidhi mwalimu. Mwisho wa kazi hutafutwa wastani, mchepuko sanifu na mpaka wa chini, kisha vikaratasi vifunguliwe mbele ya darasa. Majina ya mimea yasiyojulikana yaulizwe kwa wazee wa kijiji, na matawi yake yakaushwe katika magazeti kwa ajili ya mwaka ujao, darasa lingine litakaporudi kupima mistari ileile.